Tulipie mti uliopona

Mhariri,

Kila msimu wa mvua viongozi hupanda miche mbele ya kamera, kisha huondoka. Baada ya muda mfupi imekauka au imeliwa na mbuzi. Inaniuma, kwa sababu Profesa Wangari Maathai alishatuonyesha njia tangu 1977. Mwalimu huyu wa anatomia ya mifugo, Chuo Kikuu cha Nairobi, alishuka vijijini akawafundisha akina mama kukusanya mbegu za miti ya kienyeji na kutunza vitalu. Malipo yao, senti chache tu, yalikuwa ya mche uliopona. Hata jeneza lake, 2011, lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, si mbao.

Serikali za kaunti zihesabu miti iliyo hai mwaka mmoja baadaye, ndipo zilipe.

Msomaji wako,
Nyeri