Barua kwa rafiki anayepanga ukaguzi wa kipande cha kwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe pamoja na wote unaofanya nao kazi. Nimeisoma barua yako kwa makini, na nimefurahi mno kusikia kwamba ndiwe uliyekabidhiwa jukumu la kuingiza ukaguzi wa kipande cha kwanza, yaani kupima kila kinachodaiwa na mchoro kwenye kipande cha kwanza kabla vingine havijafuata, katika programu inayoongoza kazi za kiwanda chenu. Uliniuliza uanze na fomu zipi. Naomba fomu uziweke kando kwanza, uanze na maswali mawili: ni jambo gani litakaloifanya programu idai ukaguzi huo, na ukishadaiwa, utazuia nini kisiendelee. Pasipo majibu ya maswali hayo, fomu hujazwa baada ya fungu zima la vipande kukamilika, wakati ambapo kosa lililokuwa katika kipande cha kwanza limekwisha kurudiwa katika vipande vyote vilivyofuata.

Kuhusu swali la kwanza, huna haja ya kubuni kanuni mpya. Katika sekta ya ndege na vyombo vya anga, kanuni zimeandikwa wazi katika kiwango kiitwacho AS9102, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na ambacho toleo lake la C lilitoka mwaka 2023. Hata kama vipande mnavyotengeneza havitapanda angani, orodha yake ya sababu za kudai ukaguzi inafaa kila kiwanda: kipande kipya, badiliko la mchoro, badiliko la malighafi, la njia ya kutengeneza, la vifaa vya kukatia na kushikilia kazi, la njia ya kupima au la mahali pa kutengenezea, tukio linaloweza kuathiri utengenezaji, na utengenezaji uliosimama kwa miaka 2. Watengenezaji wa magari wana utaratibu wao wa kuidhinisha vipande kabla ya uzalishaji, uitwao PPAP, wenye vipengele 18 na viwango 5 vya uwasilishaji, ambao ni mpana zaidi. Ikiwa mteja wenu anaudai, utahitaji kuupanga peke yake.

Sasa tazama jinsi orodha hiyo inavyogeuka kuwa kazi ya programu. Kila oda ya kazi inapofunguliwa, programu ilinganishe mambo yaliyomo katika oda hiyo na yale yaliyokuwapo ukaguzi wa mwisho ulipoidhinishwa: toleo la mchoro, toleo la mfuatano wa hatua za utengenezaji, mashine, programu ya mashine, vishikizo, mgavi wa malighafi. Pakiwa na tofauti, au ikiwa miezi 24 imepita tangu hatua ya mwisho ya utengenezaji wa kipande hicho kukamilika, ukaguzi ujiwashe wenyewe. Usimwachie msimamizi kisanduku cha kuweka alama kila anapoona inafaa. Siku ambayo kazi imebanana ndiyo siku ambayo mambo hubadilishwa haraka, na ndiyo siku ambayo kisanduku hicho kitasahauliwa.

Hata hivyo, naomba uwe mwangalifu upande wa pili pia. Programu ikidai ukaguzi mzima kwa sababu mtu amesahihisha tahajia katika maelezo ya kazi, watu wataanza kuuona ukaguzi kuwa usumbufu, na watajifunza kubonyeza haraka ili wapite. Kwa hiyo, pale mhandisi anapotoa toleo jipya la mchoro au la mfuatano wa hatua, aulizwe kama badiliko hilo linagusa umbo la kipande, namna kinavyofungamana na vipande vingine, au kazi yake. Ajibu kwa jina lake na aeleze sababu. Likigusa sehemu tu, ukaguzi uwe wa sehemu, wa vipimo vilivyoguswa peke yake, na vingine virejee ukaguzi wa awali kwa nambari yake. Hapa ndipo mfumo mzuri unapookoa muda mwingi kuliko karatasi, na ningependa uutumie muda wako mrefu zaidi hapa.

Swali la pili, la kuzuia, ndilo linalonigusa zaidi. Fikiria kipande cha alumini ambacho katika hatua ya 30 hutobolewa tundu la kipenyo cha milimita 12, ambalo mchoro unataka liwe kati ya 12.000 na 12.018, kisha katika hatua ya 40 bushi, yaani kibomba kifupi cha kuvalisha tundu, hushindiliwa ndani ya tundu hilo. Bushi ikishaingia, hakuna mkaguzi duniani atakayeweza kulipima tundu lile tena. Ukiweka ukaguzi wote mwishoni mwa mfuatano, kama wengi wanavyofanya kwa sababu ni rahisi kupanga, mkaguzi atafika kwenye mstari wa tundu na atakuwa na njia mbili tu: kuuacha wazi, au kuandika namba asiyoipima. Kwa hiyo ukaguzi ukatwe vipande, kila kimoja kikae mara tu baada ya hatua inayozaa kipimo husika, na kabla ya hatua itakayokifunika. Ndiyo maana hatua huhesabiwa 10, 20, 30, ili pabaki nafasi ya kuingiza hatua ya 35 bila kuvuruga nyingine.

Hatua hiyo ya 35 iwe lango la kweli. Kipande cha kwanza kiingie, na vilivyobaki visianze hatua ya 30 mpaka kile cha kwanza kiidhinishwe. Wapo watakaokuambia kwamba mashine haiwezi kukaa bure ikimsubiri mkaguzi. Wasikilize, maana wana haki ya kuhofia muda, lakini dawa yake ni kumpa mkaguzi taarifa mapema, kipande cha kwanza kinapoanza kukatwa, ili afike kikiwa kinatoka. Na ikilazimu vipande vingine viruhusiwe kabla ya idhini, basi ruhusa hiyo itolewe na mtu asiye mwendesha mashine, kwa saini yake na sababu iliyoandikwa, na vipande vilivyotengenezwa chini ya ruhusa hiyo vitambulike kwa nambari zake za mfululizo mpaka jibu lipatikane. Mwishoni weka lango jingine kabla ya kupeleka mzigo kwa mteja, ambalo halifunguki mpaka kila mstari wa ukaguzi uwe na jibu.

Nije kwenye vipimo vyenyewe. Kila kitu kinachodaiwa na mchoro hupewa nambari ndani ya kiduara: vipimo, ulaini au ukwaruzo wa uso, hesi (michirizi ya skrubu), na hata maandishi ya pembeni yanayosema kingo zote kali ziondolewe. Maandishi hayo ndiyo husahaulika zaidi, kwa kuwa hayana namba. Kila kiduara kiwe na nafasi yake katika programu, yenye ukomo wa chini, ukomo wa juu, kizio cha kipimo, na aina ya kifaa kinachokubalika. Nafasi ya jibu iwe tupu. Usikubali kamwe programu ijaze mapema kipimo kinachotakiwa, hata mkaguzi akikuomba hivyo ili kurahisisha kazi, kwa sababu jicho lililochoka litakiona 12.009 kimekaa pale tayari na mkono utabonyeza kukubali. Dai namba halisi iliyosomwa kwenye kifaa, na neno “kimefaulu” likubaliwe pale tu kifaa chenyewe hakitoi namba, kama geji ya pita-usipite ya kukagulia hesi, yenye upande unaotakiwa kuingia na upande usiotakiwa kuingia. Namba halisi itakuonyesha kwamba tundu limefaulu likiwa 12.017, ukingoni kabisa, na kwamba kifaa cha kutobolea kinahitaji kuangaliwa kabla ya kipande cha pili. Neno “kimefaulu” halitakuambia hata moja katika hayo.

Aina ya kifaa usiichukulie kuwa jambo dogo. Nafasi iliyoruhusiwa katika tundu letu ni milimita 0.018 tu. Kanuni ya zamani ya wapimaji ni kwamba kifaa kiwe na uwezo wa kutofautisha sehemu ya kumi ya nafasi hiyo, na kalipa, kile kipimio cha mkono chenye taya, inayosoma 0.01 haifiki huko hata kidogo. Programu ikijua kwamba kiduara hicho kinahitaji geji ya matundu au mashine ya kupimia ya mihimili mitatu, itaikataa kalipa kabla ya namba kuandikwa. Vilevile iisome tarehe ambayo kalibresheni ya kifaa (uthibitisho kwamba kinapima sawasawa) inakwisha, na ikikuta imepita isikipokee. Angalia pia idadi ya desimali: nafasi inayokata namba kwenye desimali ya tatu itaigeuza 12.0184 kuwa 12.018, na kipande kibovu kitapita kikiwa na karatasi safi. Ulinganisho na ukomo ufanywe kwa namba kama ilivyosomwa, kisha kufupisha kuje baadaye, kwa ajili ya ripoti tu.

Kuhusu vizio, andika kizio kando ya kila namba na usiruhusu kichukuliwe kwa mazoea. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na kosa la kuchanganya mifumo hiyo katika kipande cha chuma huonekana mara moja kwa sababu ni kubwa. Yapo makosa ya vizio ambayo hayaonekani kwa macho. Mwaka 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa namba za msukumo kwa vizio vya pauni na nyingine ilizipokea kama nyutoni. Namba zilipita kati ya mifumo miwili bila kizio chake kukaguliwa, na hilo laweza kutokea kati ya mashine yako ya kupimia na programu yako.

Kuna hatua moja ambayo huachwa sana, nayo ni ya kusubiri. Vipimo vya mchoro huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi, kama kiwango cha ISO 1 kinavyoeleza. Alumini hutanuka takribani sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo bamba la alumini la urefu wa milimita 200 lililotoka mashineni likiwa na nyuzi 30 litakuwa refu kwa milimita 0.046 kuliko litakavyokuwa likishapoa. Ikiwa mchoro unaruhusu 0.05 kila upande, joto limekula karibu nafasi yote ya upande mmoja. Weka katika programu hatua ya kupoza yenye muda wake, ambayo mkaguzi hawezi kuiruka, na nafasi ya kuandika joto la chumba cha kupimia.

Vyeti vya malighafi, ripoti za kukomaza chuma kwa joto, za uchomeleaji na za kupaka kinga dhidi ya kutu ni rahisi zaidi: viambatishwe kwenye oda ya kazi, na programu isikubali mstari wake ufungwe bila hati.

Usisahau kupanga kitakachotokea kipande kikishindwa. Nimeona mifumo ambayo, kipande cha kwanza kikikataliwa, humruhusu mwendesha mashine kukiondoa na kukiita cha pili “cha kwanza”, na alama ya kushindwa hufutika. Hilo lizuie kabisa. Kushindwa kubaki kwenye kumbukumbu, ukaguzi ubaki wazi, taarifa ya kasoro ifunguliwe yenyewe na kubeba nambari ya kiduara, na baada ya marekebisho virudiwe vile vipimo vilivyoshindwa pamoja na vile ambavyo marekebisho yamevigusa. Aliyekitengeneza kipande asiwe ndiye anayekiidhinisha. Programu ilinganishe majina hayo mawili na ikatae yakifanana. Na ule ukaguzi mfupi wa kila mnapoandaa mashine kwa kazi mpya upe jina lake mwenyewe na hatua zake mwenyewe, kwa sababu ukichanganywa na huu mkubwa, itafika siku mkaguzi wa nje atakuomba ukaguzi kamili nawe utamkabidhi karatasi ya vipimo vitatu.

Kabla ya kuufungulia mfumo kwa kiwanda kizima, chagua kipande kimoja cha zamani ambacho ukaguzi wake wa karatasi mnao, ukiingize chote, kisha ujaribu kuuvunja mfumo kwa makusudi. Andika namba iliyovuka ukomo, andika herufi, acha nafasi tupu, tumia kifaa kilichokwisha muda, saini mara mbili kwa jina moja, toa toleo jipya la mchoro wakati oda iko katikati ya kazi uone kama oda hiyo inabaki na toleo la zamani kimyakimya. Jaribio hilo la mwisho ndilo ninalolihofia zaidi, kwa sababu programu nyingi hunakili mfuatano wa hatua oda inapofunguliwa na hazirudi kuutazama tena. Nitumie matokeo yake pamoja na mfuatano wenyewe, nami nitausoma hatua kwa hatua na kukuandikia maoni yangu kabla hamjauanzisha rasmi.

Wasalimie wenzako wote.

Wasalaam,
Rafiki yako wa dhati