Ukiwasha pampu, usukani unagoma: umeme wa vifaa vidogo kwenye boti za rimoti

Boti inakwenda vizuri, taa zinawaka. Unawasha pampu ya kufua maji ya ngama, na papo hapo usukani hausikii. Baada ya sekunde moja au mbili inaitika tena, au inabaki ikielea katikati ya bwawa. Wengi hulaumu rimoti. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba umeme wa risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya boti, umeporomoka.

Risiva hupata volti 5 kutoka ESC, yaani kidhibiti mwendo wa mota, kupitia sakiti ndogo ya ndani iitwayo BEC. Kwenye ESC nyingi za bei nafuu, BEC hutoa ampea 1 hadi 2, na servo, yaani mota ndogo inayogeuza usukani, inakula hapo hapo. Mota ya pampu nayo, ikiwa imeungwa hapo, inapoanza tu kuzunguka, huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Volti zinashuka, risiva inazima na kujiwasha upya. Halafu kuna joto: BEC za kizamani huchoma volti za ziada. Kwa betri ya lithiamu (LiPo) ya seli 3 iliyojaa, volti 12.6, ampea 1 tu inazalisha joto la wati 7.6 chini ya sitaha isiyopitisha hewa.

Taa za LED hazina ulafi. Kila moja inatosheka na miliampea 15, kwa hiyo nne za njia (nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe mlingotini na shetrini) hazifiki hata ampea 0.1. Ziache kwenye tundu tupu la risiva. Ila kila taa iwe na rizista yake, yaani kizuia umeme: kwa volti 5, omu 120 kwa nyeupe na 220 kwa nyekundu. Ukiunga nyekundu na nyeupe sambamba kwa rizista moja, nyekundu itameza umeme wote na nyeupe itabaki giza.

Pampu, winchi na kifaa cha moshi vipewe UBEC yao, yaani BEC inayojitegemea nje ya ESC, volti 5 na ampea 3 au zaidi, iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri kuu, na fyuzi kwenye waya wa chanya karibu na betri. Kama swichi yake inaongozwa na risiva, kwa kawaida waya za hasi lazima zikutane. Ukiamua UBEC hiyo hiyo ilishe na risiva, chomoa waya mwekundu kwenye plagi ya ESC inayoingia risiva na uufunge kwa tepu.

Kosa linaloua betri nyingi ni kuiba volti 7.4 za seli mbili kwenye plagi ya balansi (ile ndogo ya kusawazisha seli wakati wa kuchaji) ya LiPo ya seli 3. Seli mbili zinafanya kazi ya ziada, ya tatu inapumzika. ESC inatazama jumla tu: 2.9 na 2.9 na 3.8 ni 9.6, nayo inaona mambo shwari huku seli mbili zinaharibika. Hata UBEC iliyoungwa vizuri kwa kawaida haikati umeme betri ikiisha, kwa hiyo usiiache boti kabatini na betri imechomekwa.

Mota ya brashi pia hupiga kelele za redio zinazovuruga risiva. Lehemu kapasita 3 za mikrofaradi 0.1: moja kati ya miguu miwili, na moja kutoka kila mguu hadi kwenye ganda la mota. Daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4001, upande wenye mstari ukielekea chanya, ni ya pampu inayozunguka upande mmoja tu. Kwenye mota inayorudi nyuma inaweza kuunguza ESC.

Kabla ya kufunga sitaha, chomeka mita ya volti kwenye tundu tupu la risiva, washa kila kitu kwa pamoja na uzungushe usukani huku na huku. Volti zikishuka chini ya 4.5, kuna kifaa cha kuhamisha. Ukituletea boti tuikague, ije na betri unayoitumia majini, iliyojaa. Kwa betri nyingine hitilafu hii huweza isionekane.