Ile logi yako ya juzi

Mwanangu,

Mambo vipi, natumai mko salama wote huko, mi niko poa tu. Nilitaka nikupigie nikaona hapana, kwenye simu we utaanza kucheka na mi ntacheka afu hamna cha maana tutakachoongea, bora nikuandikie usome mwenyewe ukiwa umetulia. Ni kuhusu huu mchezo wetu wa geocaching, wa kuficha makasha na kuyatafuta kwa GPS, na ile logi yako, yale maneno unayoandika mtandaoni ukishapata, kwenye kasha langu la darajani. Usinune kwanza, soma mpaka mwisho.

Ujue nilipoona jina lako nilifurahi sana, nikafungua mbiombio, nakuta umeandika "Dah nimezunguka nusu saa nzima nimegusa bolti zote za upande wa kushoto, kumbe ile ya tatu toka mwisho haijafungwa, ni sumaku tu, unaivuta inatoka, jamaa kaua!" Nikakaa chini. Jamaa kaua, sawa, ila aliyezika ni wewe.

Sijui kama unajua ile bolti ilivyonitoa jasho. Nilitafuta yenye kichwa kinachofanana kabisa na za pale, nikaitoboa katikati kidogo kidogo maana ukikosea inapasuka, ndani nikaacha nafasi ya karatasi ya logi, ile ya kuandika jina ukipata, yenye upana wa kidole kidogo, ukiiviringisha inaingia kwa shida, nyuma nikabandika sumaku ili ishike chuma chenyewe bila kutoboa daraja popote, we si unajua sheria. Bado ilikuwa inang'aa, inajitangaza toka mbali, ikabidi niiloweke kwenye maji ya chumvi siku kadhaa mpaka ikashika kutu kama wenzake. Siku naenda kuibandika nilitoka pale nikageuka nyuma nikaangalia na mi mwenyewe sikuiona mara moja. Ndo maana ugumu nikaupa 4 kati ya 5. Njia ya kufika pale ni tambarare, hata mtoto anafika, kwa hiyo hiyo 4 yote ilikuwa imebebwa na kitu kimoja tu, kwamba mtu hajui kama anatafuta bolti.

Na ndo hicho ukakiandika.

Baada yako wamekuja watatu. Wa kwanza kaandika "asante kwa kasha", wa pili hivyo hivyo, wa tatu akaandika "Rahisi, shukrani kwa aliyetangulia". Hako kasentensi kaliniuma kuliko DNF zote, zile logi za "sijapata", nilizowahi kupata, na DNF we unajua nazipenda, mtu akitafuta akakosa akaandika ukweli mi naona kanipa heshima. Huyu wa tatu hana kosa lolote. Alifika, GPS ikamfikisha kwenye zile mita zake chache za mwisho ambapo namba hazisaidii tena, akafungua simu asome kidogo, logi yako ndo iko juu kabisa, atafumba macho?

Hapo ndo penye neno langu kubwa, mengine yote nayoandika ni kuzunguka tu. Dokezo, lile la kumsaidia aliyekwama, linaloandikwa kwa herufi zilizogeuzwa kwenye ukurasa wa kasha, lina mlango. Mtu akitaka anaufungua, asipotaka anaupita. We unakumbuka dokezo langu la pale? Ni neno moja, "thfn". Ukiligeuza kwa ROT13, kila herufi unairusha nafasi 13, t inarudi kuwa g, h inakuwa u, unapata "gusa". Basi. Siku hizi unagonga tu kwenye simu linajigeuza, ila wale wa zamani walikuwa wanatoka na karatasi iliyochapishwa na kalamu wanageuza herufi moja moja wamesimama porini, na nasikia raha kuwafikiria, maana katikati ya neno bado ulikuwa na nafasi ya kusema ngoja, nishapata herufi mbili, wacha nitafute tena kidogo. Hata leo ile kugonga ni uamuzi wa mtu mwenyewe. Logi haina mlango. Inakurukia usoni hata kama hujaomba. We ukiniuliza pembeni nikakuambia, hiyo ni yetu wawili, hakuna aliyeumia, watu wanapigiana simu kila siku wakiwa wamekwama na mi sioni ubaya. Ila ukiianika kwenye logi umemjibu mtu ambaye hajauliza, tena humjui, na huenda ametoka mbali kuja kuhangaika kwa raha zake.

Afu usidhani najifanya mtakatifu. Mi mwenyewe nshawahi kuharibu, tena vibaya kuliko wewe, nilikuwa sijakusimulia kwa aibu. Lilikuwa kasha la fumbo, lile ambalo alama kwenye ramani ni ya kuzugia tu na kasha lenyewe linaweza kuwa hata kilomita tatu toka hapo, mpaka ulivunje fumbo ndo upate namba za kweli. Nilikesha nalo siku nne. Nilipolipata nikajipiga picha nimeshika chombo, nacheka meno yote nje, nikaipandisha kwenye logi. Mkononi nilikuwa nimekificha chombo vizuri nikajiona mjanja. Nyuma yangu kilionekana kibao cha njia, kinasomeka herufi kwa herufi. Mwenye kasha akaniandikia mistari miwili tu, "Hongera sana. Naomba uangalie tena picha yako, hasa nyuma ya bega la kulia." Aisee nilitoka jasho. Watu wangeacha fumbo wakaenda moja kwa moja kwenye kibao. Niliifuta usiku ule ule na tangu hapo picha yoyote naikagua kwanza kona zake zote kama mpelelezi, na mara nyingi naishia kupiga anga au viatu vyangu.

Maana kutoboa siri si lazima useme "iko hapa". Ndo kinachonichosha kwenye hii michezo, inapita kwenye vitu ambavyo mtu anaviona havina madhara. Mtu anaandika "shingo inaniuma", kashasema juu. "Nimechafua magoti", kashasema chini. "Jina la kasha limenisaidia", basi kila mtu anarudi kulisoma jina. Hata DNF, ukiorodhesha kila sehemu uliyokagua ukakosa, anayekuja nyuma anazifuta hizo zote anabakiwa na sehemu mbili. Na yule anayeandika "nimepata ndani ya dakika moja" kwenye kasha la ugumu wa 4... huyo nimeamua kumwachia, kila mtu ana siku yake, ila sikufichi najikunaga kichwa nikiisoma.

Sasa usije ukaniandikia "Asante" tupu kwa kuogopa. Hiyo nayo sitaki! Mtu kaumia wiki mbili na bolti afu anapewa neno moja, bora hata asingepewa. Tangu lile kasha la kwanza kabisa la huu mchezo, Mei 2000, Dave Ulmer anaficha ndoo yake porini kule Oregon siku moja tu baada ya Marekani kuacha kuvuruga mawimbi ya GPS, alichowapa watu ni namba za mahali tu, na ndani ya ndoo akaweka daftari na penseli. Yaani toka mwanzo kuandika ni sehemu ya mchezo. Nieleze ulivyopita pale mara mbili ukajifanya unaongea na simu kwa sababu ya wale wapita njia, ile stori ulinipa kwa mdomo na nilicheka mpaka machozi, mbona hukuiandika? Sema ulikaribia kukata tamaa. Sema kasha limekuchekesha. Sifia ufundi bila kutaja fundi kafanya nini. Nafasi iko tele.

Na kuna vitu ambavyo navyo ukinyamaza ntakulaumu. Karatasi ikiwa imelowa sema, kifuniko kikiwa kimepasuka sema, nyigu wakiwa wameweka nyumba jirani sema kwa sauti na utaje na upande, hapo nakwambia ukweli mi sijali hata siri ikitoka, mkono wa mtu ni bora kuliko bolti yangu. Namba zikiwa zimekosea sana pia sema, ila hiyo mi napenda uniambie mimi kwanza nirekebishe mwenyewe, maana ukiandika "nimeikuta mita 12 kuelekea kaskazini" ushamchorea mtu mstari.

Kufuta logi yako naweza, mwenye kasha anaruhusiwa. Sijafuta. Najua ukifutiwa na alama yako ya kupata inaondoka mpaka uandike upya, na ile ilikuwa ya 200 kwako, ulinitumia meseji usiku kunitambia. Kwa hiyo nakuomba tu uingie uihariri mwenyewe. Toa pale kwenye "bolti" mpaka kwenye "inatoka", ile nusu saa iache, jamaa kaua iache pia, hiyo naipenda. Ukimaliza nistue. Wale watatu ndo basi tena, ila wa nne na kuendelea nataka wateseke kama ulivyoteseka wewe. We ulikuwa mtu wa kwanza kuipata bila msaada wowote, mi nilishaanza kuwa na wasiwasi kwamba nimezidisha, na kusema kweli nusu ya hasira zangu ni wivu, ile furaha uliyoipata pale ulivyoivuta ikatoka, nilitaka na wenzako waipate.

Lingine. Lile kasha lako la kwenye ule ukuta wa mawe, nimeshaenda mara tatu, DNF tatu, umeziona zote na najua unachekelea. Jumamosi naenda tena. Dokezo lako sijaligeuza na sitaligeuza, na we ukinipigia kabla ya Jumamosi usithubutu kuniambia kitu.

Au niambie kimoja tu. Ni juu ya goti au chini ya goti? Hapana, acha. Acha kabisa, usijibu.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mimi wako wa siku zote, mwenye bolti