Nafasi ya vidole viwili ndani ya kofia ya mchimbaji

Mteja anayenunua kofia ngumu kwa mara ya kwanza huigonga kwa ngumi. Akisikia inalia "ko, ko" anaridhika na kutaka kulipa. Sisi humwomba kwanza aipindue aangalie ndani, kwenye ile mikanda inayoshika kichwa, maana wachimbaji walikaa miaka mingi sana chini ya ardhi bila hiyo.

Zamani kofia ya mchimbaji ilikuwa ya kubebea mwanga zaidi ya kitu kingine. Huko Cornwall, Uingereza, katika karne ya 19, wachimbaji wa bati na shaba walivaa kofia za sufu iliyoshindiliwa, zikapakwa utomvu mpaka zikakakamaa, na mshumaa ukabandikwa mbele kwa bonge la udongo. Kwenye migodi ya makaa ya mawe wengi walivaa kofia laini ya kitambaa yenye kishikizo cha kutundikia taa ndogo ya mafuta. Baada ya 1900 ikaja taa ya karabidi: maji yanadondokea karabidi, kemikali iliyo kama vipande vya mawe, gesi inatoka, inawashwa. Mwanga mzuri, lakini ni moto wazi kwenye paji la uso, mahali penye gesi inayoweza kulipuka! Taa ya umeme ya Thomas Edison, yenye betri ya kuvaliwa kiunoni, ilipatikana 1914. Mwanga ukawa salama zaidi, ila jiwe likidondoka bado lilikutana na kitambaa.

Edward W. Bullard, ambaye familia yake iliuza vifaa vya wachimbaji Marekani, alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na kofia yake ya chuma ya kijeshi. Mwaka 1919 alitoa kofia ya kazi ya turubai iliyolainishwa kwa mvuke, ikapakwa gundi na rangi nyeusi. Muda si mrefu akaiwekea mikanda ya ndani, na kwetu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyofanya. Baadaye zilikuja za alumini, nyepesi lakini hatari karibu na nyaya za umeme, kisha za plastiki tunazouza leo.

Kati ya gamba na utosi hubaki nafasi ya takriban sentimita 3, kama vidole viwili. Kitu kikianguka, mikanda hunyumbuka ndani ya nafasi hiyo na kutawanya nguvu ya pigo. Ndiyo maana inatuuma kuona mtu amesokomeza humo glavu, simu au pakiti ya sigara: pigo litapita moja kwa moja hadi kwenye fuvu.

Watengenezaji wengi hushauri mikanda ibadilishwe kila miezi 12 na kofia nzima isizidi miaka 5. Iliyopigwa kwa nguvu haitumiki tena, hata kama huoni ufa. Mikanda tunaiuza peke yake, na ukija na kofia yako tutakufungia.