Lile si kifaru, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu ya juzi kuhusu Vita vya Kagera mliweka picha ya lori lenye mirija mgongoni, na chini yake mkaandika "kifaru cha makombora". Kifaru kina minyororo na deraya. Lile ni lori la Ural la magurudumu sita lililobeba mtambo wa kurushia roketi, na bodi yake haizuii hata risasi ya bunduki.

Anayetaka kulitambua ahesabu mirija. Ikiwa 40, yaani safu nne zenye mirija kumi kila moja, hiyo ni BM-21 ya Kisovieti iliyoingia jeshini mwaka 1963. Katyusha ya Vita Kuu ya Pili, BM-13, haina mirija; roketi zake 16 zilikaa kwenye reli. Type 63 ya Kichina ina mirija 12 ya milimita 107, na ile ya kawaida huvutwa kwa magurudumu mawili. Waganda waliiita BM-21 ya jeshi la Tanzania, JWTZ, "saba saba", na tangu hapo jina hilo hubandikwa kila kinachotoa moshi.

Kosa linalonikera zaidi ni pale mliposema mtambo huu wa BM-21 "hulenga nyumba na kuipiga". Hauwezi. Roketi yake ya milimita 122, ndefu karibu mita tatu, uzito kilo 66, ikishatoka haiongozwi na chochote. Mfuo uliojipinda ndani ya mrija huizungusha kidogo, kisha mapezi manne yaliyokunjwa mkiani hufunguka. Basi. Injini ikiwa bado inawaka, upepo wa pembeni husukuma mkia, pua ikageukia upepo unakotoka, na roketi ikaelekea huko huko. Zaidi ya hapo, kila inayotoka hulitikisa lori, na inayofuata hutoka nusu sekunde baadaye, lori halijatulia. Mkengeuko mdogo wa mwanzo, kwenye umbali wa kilomita 20, unakuwa mamia ya mita. Kwa wasomaji wa hapa Arusha, umbali huo ni kama kutoka Mnara wa Saa kukaribia Usa River.

Kwa hiyo roketi moja peke yake haina maana kubwa. Zote 40 hutoka kwa sekunde 20 na kufunika eneo zima: askari waliokusanyika, maegesho ya magari, mizinga ya adui. Hofu yake imetokana na hapo, si shabaha.

Mmeandika pia kwamba gari moja "lilipiga usiku kucha bila kupumzika". Piga hesabu: roketi 40 mara kilo 66 ni zaidi ya tani mbili na nusu, na hupakiwa kwa mikono, moja moja, kwa takribani dakika kumi kama wapakiaji ni wazoefu na shehena iko karibu. Tena haipakiwi pale pale. Moto na vumbi la nyuma huonekana mbali, kwa hiyo dereva huondoka ndani ya dakika chache kabla mizinga ya upande wa pili haijajibu. Mkisikia milio usiku mzima, jueni ni magari kadhaa yanayopokezana. Kwa mpangilio wa Kisovieti batalioni moja ilikuwa na magari 18.

Naomba maelezo ya picha ile yasahihishwe.

Msomaji wenu,
Njiro, Arusha