Seva ikizimwa, mteja abaki na nini?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotuagizia spika na redio za intaneti, maana hata hapa Dodoma zimeshaingia madukani. Mteja anasifiwa ubora wa sauti tu. Haambiwi kampuni ikiacha kuzitengeneza, na seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazovihudumia vifaa hivyo kupitia intaneti, zikazimwa, atabaki na nini mkononi.

Mimi natumia Squeezebox, kifaa cha kuchezea muziki kupitia mtandao, niliyoachiwa na kaka yangu. Logitech, iliyoinunua kampuni ya Slim Devices mwaka 2006, iliacha kutengeneza vifaa hivyo mwaka 2012, na mwaka 2024 ikafunga huduma yake ya mtandaoni. Changu bado kinaimba. Programu ya seva yake ni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuiboresha, na wapenzi wake wanaiendeleza mpaka leo kwa jina la Lyrion Music Server. Nimeiweka kwenye kompyuta kuukuu iliyo juu ya kabati la vyombo, pamoja na nyimbo za Kigogo, ilimba na zeze, nilizorekodi mwenyewe kwenye ngoma za Chamwino na Mvumi. Jioni nikifungulia, mama mkwe anaanza kutikisa mabega palepale kwenye kigoda. Bando likiisha, muziki unaendelea.

Vifaa vingi havina bahati hiyo. Naiomba Tume ya Ushindani iwatake wauzaji waandike kwenye boksi huduma itadumu hadi mwaka gani, na kama kifaa kinacheza bila seva ya kampuni. Na kampuni inayositisha bidhaa iwaachie watu programu yake waitunze.

Mwalimu mstaafu,
Area C, Dodoma