Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Gari la Chama, Injini Isiyonunuliwa na Ada Zisizolipwa

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha magari ya njia mbovu, hapa Kampala, inanitaka nilete mbele yenu taarifa ya mwaka uliokwisha, nami naileta. Sitawachosha kwa yale mnayoyajua. Safari zilikuwa nne: mbili za Sipi na Kapchorwa, moja ya nyanda za Pian Upe, na ile ya Kisoro ambayo mvua ilitulaza Kabale siku mbili tusizozipanga. Mafunzo ya kuvuta gari lililokwama yalifanyika mara mbili na ya huduma ya kwanza mara moja. Tulipokea wanachama wapya watano, na wawili kati yao wamekwisha kujifunza desturi ya wanachama wa zamani ya kutoonekana mikutanoni. Picha mnazo.

Linalobaki ni gari la chama, jambo ambalo limezungumzwa zaidi pembeni kuliko mezani.

Mwezi wa pili, mkutano wa watu kumi na mmoja uliidhinisha shilingi 6,000,000 zitumike kulitengeneza Suzuki letu, na wengi wa waliozungumza siku hiyo walitaka injini yake ya lita 1.3 iondolewe na kuwekwa ya lita 1.6 kutoka Vitara. Mwezi wa tano, mimi, mhazini na katibu tuliamua kwamba injini isinunuliwe, na kwamba fedha zitumike kuiponya injini iliyopo, kurekebisha springi na kubadili tairi. Nimeambiwa kwamba huo ulikuwa udikteta. Ningependa kukumbusha kwamba kabla ya kuamua tuliitisha mkutano, wakaja watu saba, nasi tunahitaji kumi ili kikao kiwe halali. Tuliwasubiri wengine hadi saa kumi na moja jioni, chai ikapoa, tukaondoka. Mimi binafsi niliona kwamba gari lililokaa juu ya mawe tangu mwezi wa tatu halingeweza kungoja adabu ya mahudhurio yetu.

Naeleza sasa sababu, kwa urefu, kwa kuwa nilipoeleza kwa ufupi sikueleweka.

Jumamosi moja ya mwezi huo nilivuta gari mwenyewe hadi kwa fundi wetu wa Ndeeba, kwa gharama yangu, ambayo sijaidai. Fundi alizitoa plagi zote nne, akabana kipimo cha mgandamizo kwenye tundu la kwanza, nami nikazungusha starta huku nimekanyaga mafuta hadi mwisho. Silinda ya kwanza ilisoma pauni 165 kwa inchi ya mraba, ya pili 160, ya nne 160. Ya tatu ilisoma 95. Akamimina kijiko kimoja cha oili katika tundu hilo la tatu, akapima tena, na sindano ikarudi palepale. Kama ringi za pistoni ndizo zilizochoka, oili ingeziba pengo na kipimo kingepanda. Kwa kuwa hakikupanda, mgandamizo ulikuwa unatorokea kwenye valvu. "Mzee," akaniambia huku akifuta mikono, "farasi wenu anatembea kwa miguu mitatu." Kwa maneno mengine, gari ambalo mkutano ulilihukumu kwamba limezaliwa dhaifu lilikuwa likipanda milima ya Sipi kwa silinda tatu, na hakuna aliyewahi kulipima, wala waliolisema sana.

Kichwa cha injini kilipofunguliwa tulikuta valvu ya eksozi ya silinda ya tatu imeungua ukingoni, kwa sababu nafasi yake, ule mwanya mdogo unaoachwa juu ya valvu ili iweze kufunga kabisa, ilikuwa imejifunga taratibu kwa miaka ambayo hakuna aliyeirekebisha. Valvu isiyokaa vizuri kwenye kiti chake haipati pa kupoozea moto wake. Valvu zilisagwa, iliyoungua ikabadilishwa, gasketi mpya ikawekwa na nafasi zote zikapimwa upya. Kisha tukaigeukia kabureta. Kadiri gari linavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua, karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000, lakini kabureta huendelea kumwaga petroli kana kwamba haijui lolote. Kampala tuko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, Kapchorwa ni zaidi ya mita 1,800, na kabureta yetu ilikuwa bado na jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli, za kiwandani. Moshi mweusi mliokuwa mkiulalamikia kule juu ulikuwa petroli inayopita bila kuungua. Jeti ndogo zaidi ziliwekwa, muda wa cheche ukasogezwa mbele kidogo, rejeta ikafunguliwa na kusafishwa kwa fimbo.

Sikatai kwamba injini ya lita 1.6 yenye valvu 16 ina nguvu zaidi. Nilikwenda soko la vipuri la Kisekka kuuliza, tena mara mbili. Injini pamoja na kompyuta na nyaya zake niliambiwa shilingi 3,800,000, bila kuifunga. Baada yake kuna vishikio vipya vya injini, pampu ya petroli ya umeme na bomba la eksozi, na mwisho breki, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya gari dogo na zingebaki zilezile. Fundi alikadiria kwamba tungevuka milioni sita kabla gari halijatoka nje ya geti. Na injini kuukuu unayoinunua sokoni bila kupimwa inaweza kuja na ugonjwa wa mwenye nayo wa kwanza. Tena sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo hili letu tukiliua kwa majaribio hatuwezi kuagiza ndugu yake.

Kuhusu springi, maneno yalikuwa makali zaidi, hasa kutoka kwa wale waliotaka gari liinuliwe mpaka mtoto apite chini yake akiwa wima. Gari letu lina springi za mabapa mbele na nyuma, na zilikuwa zimelala kwa uzee. Tulizipeleka kwa mafundi wa chuma wa Katwe zikakunjwa upya, bapa kwa bapa, zikapakwa grisi katikati, bushi zote zikawa mpya, na gari likapanda sentimita nne. Wengine walitaka tuongeze bapa nene la gari la mizigo kila upande. Bapa kama hilo huinua gari, ndiyo, lakini hulifanya gumu kama kitanda cha jela: likifika kwenye jiwe, gurudumu halishuki kutafuta ardhi, linabaki likizunguka hewani, na gari lililo tupu halina mzigo wa kulilainisha. Nakubali kwamba springi iliyokunjwa upya hulala tena baada ya muda. Tulijua hivyo, na ndiyo bei tuliyoimudu.

Hapa nakiri kosa moja, kwa kuwa limekwisha kusambazwa na walioliona na hata wasioliona. Kabla ya kwenda Katwe tulijaribu njia ya mkato ya kuweka shakeli (vyuma vinavyoshikilia ncha ya springi kwenye chasisi) ndefu zaidi mbele, zilizochongwa kwa shilingi 90,000. Gari liliinuka kwa saa moja ya kazi na sote tulifurahi. Lakini shakeli ndefu iliinamisha ekseli ya mbele na kuondoa ule mlalo unaoufanya usukani ujirudie wenyewe katikati. Niliendesha kuelekea Jinja; kufika karibu na Lugazi, kwa mwendo wa kilomita 70 tu, usukani ukawa unatangatanga kama mlevi, na lori la miwa lililokuwa likija lilinipigia honi ndefu ambayo bado naisikia. Niligeuza gari pale Mabira nikarudi polepole. Shakeli hizo zimetundikwa ukutani kwenye gereji, na anayetaka kuzinunua aone na mhazini.

Shokomzoba nne zilinunuliwa zikiwa zimetumika lakini hazivuji, na mipira ya breki ikabadilishwa kwa mirefu zaidi. Mmoja wenu aliuliza kwa nini shilingi 160,000 zimekwenda kwenye mipira ilhali ile ya zamani haikuwa imepasuka. Jibu ni hili: tuliweka jeki upande mmoja, gurudumu likaning'inia hadi mwisho wa springi, nikapitisha kidole kwenye mpira wa breki nikaukuta umekazwa kama uzi wa zeze. Siku ambayo ungekatika, gari lingekuwa kwenye mteremko, na huenda muulizaji angekuwa ndani.

Tairi zilitoka 205/70R15 zikawa 215/75R15. Najua mlitaka 235. Naomba mhesabu pamoja nami. Springi huinua bodi tu. Difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, hubaki palepale ilipo, na kinachoiinua ni tairi peke yake. Tairi ya 215 ina kimo cha milimita 703 dhidi ya 668, kwa hiyo difu imepanda milimita 18 hivi. Ile ya 235 ingetupa milimita 33, jambo jema, lakini gia zote zingekuwa ndefu kwa karibu asilimia 10, na injini ndogo ambayo ndiyo kwanza imerudishiwa silinda yake ya nne ingenyang'anywa kule juu kile tulichoipatia kule chini.

Kuna mambo mawili yaliyogharimu shilingi 120,000 kwa pamoja ambayo hakuna aliyenisifu kwayo. La kwanza ni vijipumulio vya difu, vile vitundu vinavyoipitishia hewa. Difu iliyopata moto ikiingia ghafla katika maji baridi, hewa iliyo ndani yake hujikunyata na kuvuta maji kupitia sili. Baada ya safari ya Pian Upe tulifungua difu ya nyuma na oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Sasa vijipumulio vyote vimeungwa mipira inayoishia juu, chini ya boneti. La pili ni bomba la kuvutia hewa, ambalo tulilitengeneza kwa mabomba ya plastiki ya maji. Tulilipima hivi: injini ikiwa inanguruma taratibu, niliziba mdomo wa juu kwa kiganja, na injini haikuzima. Maana yake ilikuwa ikivuta hewa kwenye kiungio fulani kule chini, na katika mto ingevuta maji. Tulifunga upya viungio mara tatu mpaka kiganja kikaizima. Wenye mabomba ya kununuliwa dukani nawasihi wafanye jaribio hilohilo, maana baadhi yake nimeyaona na ni mapambo.

Katika safari ya pili ya Kapchorwa, tope likiwa limefika kwenye vitovu vya magurudumu, gari la chama lilipanda kwa gia ya chini bila kuvutwa. Gari la mwanachama mmoja lenye injini ya lita 3, ambalo mwenyewe alikuwa msemaji mkuu wa kubadili injini, lilivutwa. Simtaji. Kamba iliyomvuta ilikuwa yetu.

Hesabu ni hizi. Injini pamoja na mabomba ya hewa na vijipumulio: shilingi 1,160,000. Springi, shokomzoba, breki, tairi na yale makosa ya shakeli: 2,430,000. Jumla ya gari: 3,590,000. Safari, bima na mikutano: 1,750,000. Kuna uvumi kwamba milioni mbili na ushee zilizobaki kwenye idhini ya milioni sita zimelala mahali fulani. Hazijalala popote, kwa sababu hazikuwahi kuwepo. Kuna uvumi mwingine kwamba vipuri vilinunuliwa kwa shemeji yangu. Shemeji niliye naye ni mwalimu wa shule ya msingi kule Tororo.

Hili linanileta kwenye ada. Tuko wanachama 42, na ada ni shilingi 240,000 kwa mwaka, ambayo kwa mwezi haifiki bei ya lita kumi za petroli. Waliolipa yote ni 17. Waliolipa nusu ni wanane. Waliobaki 17 hawajalipa hata senti, na kati yao wamo wanne waliopiga kura ya kununua injini. Makusanyo yalikuwa 5,040,000, pamoja na salio la mwaka juzi 1,380,000, jumla 6,420,000. Na salio la leo ni 1,080,000. Mniambie injini ya Kisekka ingelipiwa kwa nini, kwa makofi?

Mahudhurio nayo ni aibu. Kati ya mikutano sita, mitatu tu ilifikisha watu kumi. Siku ya kubadili oili ya difu, kazi ambayo mtu yeyote angeweza kujifunza kwa nusu saa na ambayo ilitangazwa kwa majuma mawili, tulikuwa mimi, katibu, na mtoto wa katibu. Lakini usiku huo huo, kwenye kundi la simu, watu kumi na tisa walikuwa na maoni kuhusu aina ya oili.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, fedha zikiruhusu, kupata winchi iliyotumika, na huenda tukatafuta uwanja mdogo upande wa Mukono ambapo mafunzo yatafanyika bila kuomba ruhusa kila mara. Suala la kuziweka springi juu ya ekseli badala ya chini, ambalo lingetuinua zaidi kwa gharama ya kuchomelea tu, bado linafikiriwa. Silikatai, ila fundi anataka kwanza aone fimbo za usukani zitakavyokaa, nami baada ya Lugazi sina haraka. Suala la injini linaweza kuletwa tena na yeyote aliyelipa ada.

Risiti zote zimo katika faili la kijani kwa mhazini, pamoja na karatasi ya vipimo vya silinda kabla na baada. Ya tatu sasa inasoma 155. Nafasi za valvu zinatakiwa kukaguliwa tena kilomita 1,000 baada ya kichwa kufungwa, na zimebaki kama 200. Kazi hiyo itafanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, gereji ya Ndeeba. Injini lazima iwe baridi, hivyo atakayekuja na gari la chama alilaze hapo tangu Ijumaa.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti